Linux Mint 22 Xfce kwenye kompyuta kuukuu inayogoma kubuti

Kwa kompyuta za ofisini zilizotengenezwa kati ya 2008 na 2014 hivi, Linux Mint 22 toleo la Xfce (mazingira mepesi ya eneo-kazi) ndio mfumo endeshi wa kujaribu kwanza. Tunazungumzia Dell OptiPlex 780 na 790, HP EliteBook 8440p na 8460p, Lenovo ThinkPad T420 na ndugu zao, mashine zilizojaa kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Nairobi na Dar es Salaam. Haichaguliwi kwa sababu ya wepesi, maana iko mifumo myepesi kuliko huu. Inachaguliwa kwa sababu kompyuta za umri huo mara nyingi huja na tatizo la kubuti (kuwaka na kupakia mfumo endeshi), na flashi ya Mint inabeba karibu kila kifaa cha kulichunguza na kulitibu: kipimo cha RAM, programu ya kukagua diski, GParted (ya kugawa diski) na Boot Repair (ya kurekebisha kubuti), vyote bila kusakinisha chochote. Kisakinishi chake, hata hivyo, kina dosari mbili ambazo zenyewe huzaa matatizo ya kubuti. Tutazieleza wazi, kwa sababu wengi hulaumu kompyuta kwa kosa lisilo lake.

Mint 22 ilitoka Julai 2024, imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, na inapata masasisho ya usalama hadi 2029. Inadai prosesa ya biti 64, RAM ya gigabaiti 2 kwa uchache na nafasi ya gigabaiti 20 kwenye diski. Linganisha na Windows 11, inayotaka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine tulizozitaja zimebaki na njia chache za kuendelea kutumika kwa usalama.

Kagua mashine kwanza

Kompyuta isiyobuti Windows haitabuti Linux ikiwa ugonjwa uko kwenye vifaa. Anza na betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama. Dalili za betri iliyokufa ni saa kurudi nyuma miaka mingi kila ukichomoa umeme, ujumbe wa "CMOS checksum error", na mpangilio wa BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) kujirudisha kwenye hali ya kiwandani. Hilo la mwisho ndilo linalosumbua zaidi: unapanga SATA (muunganisho wa diski) na mpangilio wa kubuti leo, umeme unakatika usiku, asubuhi mashine haioni mfumo. Betri mpya ina volti 3 au zaidi kidogo. Ikipimwa ikawa chini ya 2.7, badilisha. Ukishaweka mpya, ingia BIOS, rudisha mipangilio ya msingi, kisha weka tarehe sahihi. Usiipuuze tarehe. Saa ikiwa imerudi nyuma, apt, programu ya kusasisha mfumo, itakataa masasisho kwa kusema faili la Release bado halijaanza kutumika, na Firefox itakataa karibu kila tovuti kwa sababu ya vyeti vya usalama. Watu hudhani intaneti ni mbovu, kumbe ni saa.

RAM ndiyo ya pili. Chomoa umeme (na betri ya mpakato), toa vipande vyote, safisha meno ya shaba kwa raba safi ya penseli, rudisha kimoja kimoja. Kwenye menyu ya flashi ya Mint kuna kipimo cha kumbukumbu. Kiache kizunguke angalau mzunguko mmoja kamili. Mstari mmoja tu mwekundu unatosha kukitupa kipande hicho. Usakinishaji unaokwama kila mara mahali tofauti, au unaolalamika kwamba faili limeharibika ilhali ISO (faili la usakinishaji) ni nzima, mara nyingi chanzo chake ni RAM.

Diski nayo isipimwe kwa macho. Buti Mint kutoka kwenye flashi, fungua programu ya Disks, chagua diski, kisha "SMART Data & Self-Tests". Tazama namba 5, sekta zilizohamishwa, na namba 197, sekta zinazosubiri. Ya 197 ikiwa juu ya sifuri na inaongezeka, diski hiyo isibebe mfumo. Namba 199 ikipanda huku hizo mbili ziko sifuri, lawama ni ya kebo ya SATA: ibadilishe, au ihamishie kwenye tundu jingine. Mafundi wengi huuza diski mpya pale ambapo kebo mpya ingetosha.

Flashi

Flashi ya gigabaiti 8 inatosha, maana ISO ya Xfce iko karibu gigabaiti 3. Kwa anayetumia bando, hilo si faili la kupakua mara mbili, kwa hiyo lihakiki kabla ya kuliandika:

sha256sum linuxmint-22-xfce-64bit.iso

Kwenye Windows amri ni `certutil -hashfile`, jina la faili, kisha SHA256. Mlolongo wa herufi ulingane na ule ulioko kwenye faili la sha256sum.txt la Mint. Ikipungua hata herufi moja, usiendelee.

Kuna njia tatu za kuandika. balenaEtcher inaandika ISO moja kwa moja na haina maswali. Rufus ina chaguo nyingi zaidi. Chagua MBR (aina kongwe ya jedwali la diski), na ukiona flashi haibuti kwa njia ya ISO, rudia kwa njia ya DD. Ventoy ndiyo tunayompendekezea fundi: unaiweka kwenye flashi mara moja, kisha unanakili faili za ISO kama unavyonakili picha. Flashi moja inabeba Mint, Debian na antiX pamoja. Lakini BIOS nyingine kongwe hukwama kwenye kioo cheusi zikikutana na Ventoy. Hapo andika flashi ya pili kwa Etcher kabla ya kuhukumu kompyuta.

Tumia tundu la USB 2.0 la nyuma, lililo kwenye ubao wenyewe. Matundu ya mbele yana kebo ndefu, na yale ya bluu ya USB 3.0 kwenye mashine nyingi za wakati ule hayaonekani na BIOS hadi mfumo uwake. Menyu ya kubuti ni F12 kwa Dell, ThinkPad na Toshiba, F9 kwa HP, Esc kwa mpakato nyingi za Asus. Kwenye Acer nyingi F12 haifanyi kazi mpaka uiwashe ndani ya BIOS. Na kuna BIOS ambazo flashi haionekani kama USB: imefichwa ndani ya orodha ya diski ngumu, nawe unapaswa kuingia humo uipandishe iwe ya kwanza.

Mashine isiyojua kabisa kubuti kwa USB ina njia mbili: DVD, maana ISO haitoshei kwenye CD, au CD ndogo ya Plop Boot Manager ambayo huwaka kwanza kisha ikaipokeza flashi kazi.

BIOS au UEFI: uamuzi unaobeba yote

BIOS ni njia kongwe ya kuwasha mashine, UEFI ni mrithi wake. Ukisakinisha kwa njia moja na mashine ikabuti kwa njia nyingine, hutauona mfumo. Hiki ndicho chanzo kikubwa cha malalamiko ya "nimesakinisha vizuri lakini inasema No bootable device". OptiPlex 780 na EliteBook 8440p zichukulie kama mashine za BIOS, mambo ni mepesi. T420, OptiPlex 790 na 8460p zina zote mbili, na UEFI ya kipindi kile ilikuwa bado changa. Kwa mashine za 2011 na nyuma yake, ushauri wetu hauna kusitasita: chagua Legacy (njia ya BIOS) pekee, uzime UEFI. Hupotezi chochote cha maana, kwa sababu diski ya chini ya terabaiti 2 haihitaji UEFI.

Kuanzia 2012 hali inageuka, UEFI inaanza kutegemeka, ila si kote. Mfano ulio wazi ni Lenovo ThinkCentre M92p. Mwaka 2012 Matthew Garrett, mtaalamu wa kerneli, alionyesha kwamba UEFI yake ilikuwa inasoma jina la mfumo na kukubali mawili tu: "Windows Boot Manager" na "Red Hat Enterprise Linux". Mfumo mwingine wowote uliwekwa kando hata kama kila faili lilikuwa mahali pake. Kwa hiyo mashine ikikukatalia bila sababu, huenda tatizo liko ndani ya UEFI yenyewe, na sasisho la BIOS kutoka kwa mtengenezaji ni hatua halali ya kujaribu, ilimradi umeme ni wa uhakika wakati wa kulifanya. Bila UPS, au betri ya mpakato iliyojaa, usiliguse.

Kujua flashi imebuti kwa njia ipi, fungua terminali uandike:

ls /sys/firmware/efi

Ikileta orodha, uko UEFI. Ikisema hakuna saraka hiyo, uko BIOS. Hakikisha hivyo kabla ya kubofya "Install".

Jambo jingine la BIOS ni SATA. Iweke AHCI, hali ya kawaida ya diski. Dell nyingi za ofisini zimekuja na "RAID On" (hali ya kuunganisha diski kadhaa), na diski iliyowahi kukaa kwenye RAID hubaki na alama zinazofanya kisakinishi kisiione. `lsblk -f` ikionyesha "isw_raid_member" mbele ya diski, alama ndizo hizo. `sudo wipefs -a /dev/sda` inazifuta, pamoja na jedwali lote la patisheni (sehemu za diski), kwa hiyo data iwe imeshanakiliwa kwingine na jina la diski limehakikiwa mara mbili.

Kisakinishi na dosari zake mbili

Hatua za kawaida ni nyepesi: lugha, kibodi, aina ya usakinishaji, eneo la saa, jina na nywila. Kwenye SSD kazi inaisha ndani ya robo saa hivi, kwenye diski ya kuzunguka inaweza kufika dakika 40. Bando likiwa dogo, usiunganishe intaneti wakati huu, masasisho yatafanywa baadaye.

Dosari ya kwanza inaonekana ukichagua kufuta diski yote kwenye mashine ya BIOS. Kisakinishi hutengeneza jedwali la patisheni la GPT, aina mpya kuliko MBR, na BIOS kadhaa za zamani, zikikuta diski ya GPT isiyo na patisheni yenye alama ya kubuti kwenye MBR yake ya ulinzi, husema hakuna mfumo. Kila kitu kimesakinishwa sawasawa, lakini BIOS haigusi diski. Tiba ni amri moja kutoka kwenye flashi:

sudo parted /dev/sda disk_set pmbr_boot on

Ukitaka kuzuia badala ya kutibu, fungua GParted kabla ya kusakinisha, nenda Device, kisha Create Partition Table, chagua msdos (yaani MBR). Tengeneza patisheni moja ya ext4 ya gigabaiti 30 au zaidi kwa ajili ya mzizi (/, mfumo wenyewe), na nyingine ya /home ikiwa nafasi ipo. Kwenye kisakinishi chagua "Something else", zielekeze, na GRUB (programu inayoiwasha Linux) iende kwenye /dev/sda yenyewe, si /dev/sda1. Kwa mashine ya BIOS tunaona njia hii ni bora kila mara.

Dosari ya pili iko upande wa UEFI. Ukiwa na diski mbili, au unasakinisha kwenye diski ya nje, kisakinishi hukuuliza GRUB iwekwe wapi, halafu huiweka kwenye patisheni ya EFI (yenye faili za kubuti) ya diski ya kwanza hata ukichagua nyingine. Matokeo yake unachomoa diski ya nje na kompyuta ya mwenyewe inakwama kwenye GRUB. Hitilafu hii inajulikana kwa miaka mingi na hatuoni udhuru wa kuiacha hadi leo. Kinga ya uhakika ni kuchomoa kebo ya diski ambayo haihusiki kabla ya kuanza.

Kama Windows itabaki pembeni, zima Fast Startup ndani yake kwanza, vinginevyo patisheni yake hubaki katika hali ya usingizi na Linux haitakubali kuiandika.

Inapokataa baada ya kusakinishwa

Kwenye UEFI za HP hasa, GRUB imewekwa lakini mashine inairuka, inatafuta Windows au faili la akiba pekee. Faili hilo la akiba ni EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, na dawa ni kuliweka. Buti flashi kwa njia ya UEFI, tazama patisheni kwa `lsblk -f`, kisha, tukichukulia mzizi ni sda2 na EFI ni sda1:

sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for i in dev proc sys run; do sudo mount --bind /$i /mnt/$i; done
sudo chroot /mnt
grub-install --target=x86_64-efi --removable
update-grub

Kwenye BIOS njia ni hiyohiyo bila mstari wa pili, na amri inakuwa `grub-install /dev/sda`. Kwenye Acer zenye Secure Boot (ulinzi wa UEFI unaokubali faili za kubuti zinazoaminika tu), kuna hatua ya ziada: weka nywila ya msimamizi ndani ya BIOS, ndipo uchaguzi wa kuliamini faili la EFI ufunguke.

Asiyetaka amri ana Boot Repair, ndani ya menyu ya flashi ya Mint. Kitufe cha "Recommended repair" kinatibu sehemu kubwa ya matatizo haya, ila mara nyingi kinahitaji intaneti. Kitakuuliza pia kama kipeleke ripoti mtandaoni. Ripoti hiyo inaeleza diski zako zote, kwa hiyo kataa kama huhitaji kumwonyesha mtu.

Ukikutana na `grub rescue>`, GRUB imewaka lakini imepoteza faili zake, jambo la kawaida patisheni ikifutwa au kuhamishwa. Andika `ls` upate orodha ya patisheni, jaribu kila moja mpaka uone yenye /boot/grub, halafu:

set root=(hd0,msdos1)
set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub
insmod normal
normal

Mfumo ukiwaka, maliza kazi kwa `sudo grub-install /dev/sda` na `sudo update-grub`, vinginevyo utarudi palepale kesho.

Ukiishia kwenye "(initramfs)" baada ya umeme kukatika, mfumo wa faili umeumia. `fsck -y /dev/sda1` hutosha mara nyingi. Ikijirudia bila umeme kukatika, rudi kwenye namba 197 ya kipimo cha diski.

Kioo cheusi baada ya nembo ya Mint ni suala la kadi ya picha, hasa NVIDIA. Kwenye menyu ya flashi chagua "compatibility mode". Baada ya kusakinisha, shikilia Shift wakati wa kuwaka (Esc kwa UEFI), bonyeza e, badilisha "quiet splash" kwa "nomodeset", kisha F10. Kadi za GeForce za kizazi cha 8 na 9 zilitegemea draiva namba 340, ambayo haimo tena kwenye Mint hii, kwa hiyo zitabaki na nouveau, draiva huria ya Linux. Inatosha kwa ofisi na video, haitoshi kwa michezo.

Wi-Fi za Broadcom kama BCM4312 hazitawaka zenyewe. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, fungua Driver Manager, usakinishe draiva inayopendekezwa. Kadi za Intel hazina usumbufu huu.

Inavyofanya kazi

Kwa RAM ya gigabaiti 4 na SSD, Core 2 Duo E8400 inaandika nyaraka, inasoma PDF, inachapisha na kufungua barua pepe bila kero. Xfce yenyewe ikishawaka hutumia chini ya gigabaiti moja. Anayekula RAM ni kivinjari: gigabaiti 2 zinatosha kuwasha mfumo lakini tovuti tatu nzito zinaujaza. Ikiwa pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua SSD ya gigabaiti 120 kabla ya RAM. Hata kwenye SATA ya kizazi cha pili, ambayo haifikii kasi kamili ya SSD, tofauti na diski ya kuzunguka ni kubwa mno kuacha. Kibodi ina mpangilio wa Kiswahili wa Tanzania na wa Kenya.

Mint 22 haifai kwa prosesa ya biti 32 pekee. Amri ya `lscpu`, mstari wa "CPU op-mode(s)", itakujulisha. Kwa mashine hizo LMDE 6, iliyojengwa juu ya Debian 12, ndiyo ya mwisho ya familia ya Mint yenye toleo la biti 32, na Debian 13 ya 2025 imeshaacha kutoa kisakinishi chake cha kawaida kwa aina hiyo. antiX bado ni kimbilio. Haifai pia, bila kazi ya ziada, kwa vile vikompyuta vya Atom vya 2013 na 2014, kama Asus T100, vyenye prosesa ya biti 64 lakini UEFI ya biti 32: flashi ya Mint haitaonekana kabisa kwenye menyu, nayo flashi ya Debian 12 itabuti.